WA OLBALBAL WAMEULIZA SWALI: WAJIBIWE, WASITUKANWE



Iko silaha moja ya watawala ambayo haihitaji baruti wala risasi. Silaha hiyo ni neno. Mtu wa kawaida akisimama akauliza, "Ardhi yangu mwaichukua kwa sheria gani?", hajibiwi khabari ya ardhi wala khabari ya sheria. Huulizwa yeye: "Wewe ni nani? Umezaliwa wapi? Nani kakutuma? Nani akulipa?" Tokea saa hiyo mambo hupinduka. Aliyeuliza ndiye hutakiwa kujibu, na aliyepaswa kujibu hukaa kitini pa hakimu.

Leo twataka kusema juu ya silaha hiyo, na juu ya watu wa Olbalbal, katika wilaya ya Ngorongoro, ambao wamepigwa nayo kwa muda mrefu. Pengine yupo msomaji atakayesema: Sisi ni watu wa visiwani, tumezungukwa na bahari, tuna nini na wafugaji wa bara? Jawabu letu ni lile walilotuachia wazee: Ukimwona mwenzio ananyolewa, wewe tia maji. Tena wembe huo si mgeni kwetu. Tutalieleza hilo mbele.

OLBALBAL NI WAPI, NA WALIAHIDIWA NINI

Olbalbal ni bonde lililo chini ya milima ya Ngorongoro, huko yanakoishia maji ya Korongo la Olduvai. Mwaka 1959 Mary Leakey alilifukua katika korongo hilo fuvu ambalo khabari zake zilienea duniani kote. Ulimwengu mzima waambiwa kwamba hapo ndipo penye asili ya binadamu. Ni Mmaasai peke yake, alishaye ng'ombe wake kando ya korongo hilo, aambiwaye kwamba asili yake ni kwingine.

Mwaka huo huo wa 1959 ndipo ilipowekwa sheria ya Hifadhi ya Ngorongoro. Wamaasai walikuwa wametakiwa watoke Serengeti, na wazee wao kumi na wawili waliweka alama zao juu ya mapatano ya mwaka 1958. Waliambiwa kwamba Ngorongoro watakaa na mifugo yao. Gavana wa Kiingereza, Sir Richard Turnbull, alisema mbele ya baraza lao mwaka 1959 kwamba lau maslahi ya wanyama na maslahi ya watu yatagongana, ya watu ndiyo yatakayotangulia. Maneno hayo hayakusemwa na mchochezi wala na asasi yenye kupewa fedha na wageni. Yalisemwa na mwakilishi wa Malkia.

Kilichofuata chajulikana. Mwaka 1974 walitolewa ndani ya kreta. Mwaka 1975 walikatazwa kulima. Mwaka 1992 waliruhusiwa, na mwaka 2009 wakakatazwa tena. Mwaka 2022 ulianza uhamisho wa kwenda Msomera, wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga, ambao Serikali yauita uhamisho wa hiari. Lakini mwaka huo huo fedha zilizokuwa zimekwisha kupangiwa shule za Ngorongoro zilielekezwa Handeni. Twauliza: Mtu aondolewaye fedha ya shule ya mwanawe, kisha akaambiwa achague mwenyewe kukaa au kuondoka, hiari yake iko wapi?

Kisha likaja Tangazo la Serikali Na. 673, la tarehe 2 Agosti 2024. Kwa karatasi hiyo moja kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya tarafa ya Ngorongoro vilifutwa. Olbalbal ilikuwa miongoni mwa kata hizo, pamoja na Endulen, Kakesio, Nainokanoka, Naiyobi na nyinginezo. Hapakuwa na tetemeko wala mafuriko. Watu walilala wana kijiji, wakaamka hawana.

Wananchi, fahamuni maana ya kufutwa kijiji. Si jina tu lililoondoka katika ramani. Kijiji kikifutwa hakuna mkutano mkuu wa kijiji, hakuna halmashauri, hakuna mwenyekiti, hakuna muhuri, na kituo cha kupigia kura kiko mashakani. Na hapa ndipo penye jambo letu la leo. Jana mwenyekiti wa kijiji alikuwa kiongozi aliyechaguliwa. Akisema juu ya malisho na maji, alisema kwa mujibu wa sheria. Leo kijiji kimefutwa. Mtu yule yule, akisema maneno yale yale, aonekana mtu asiye na cheo anayekusanya watu bila ya rukhsa. Kwanza wamemvua kofia, kisha wamemshitaki kwa kutembea kichwa wazi.

Tarehe 18 Agosti 2024 maelfu ya Wamaasai walitoka wakakaa barabarani, katika njia ya watalii iendayo Serengeti, siku baada ya siku. Tarehe 22 Agosti Mahkama Kuu ya Arusha ilisimamisha kwa muda lile Tangazo Na. 673. Hapo ndipo na Serikali ilipopeleka waziri wake kusema na watu, ikaahidi kuwarudishia huduma. Desemba ya mwaka huo Rais alikutana na viongozi wa Wamaasai mjini Arusha, akatangaza kuunda tume mbili za kuyachunguza malalamiko yao. Basi twauliza: Ikiwa waliokuwa wakilalamika kabla ya hapo walikuwa ni wazushi na vibaraka, tume hizo ziliundwa kuchunguza kitu gani?

MANENO WALIYOPAKWA

Kwa miaka mingi, bungeni na magazetini, imesemwa kwamba wenye kupiga kelele Ngorongoro na Loliondo si Watanzania bali ni watu waliovuka kutoka Kenya. Kwamba mawakili na asasi zinazowasaidia zinakula fedha za wazungu. Kwamba ni maadui wa utalii na uchumi wa taifa. Loliondo ni tarafa nyingine ya wilaya hiyo hiyo, upande wa kaskazini, mpakani na Kenya. Juni 2022, Serikali ilipokuwa ikipima eneo la kilomita za mraba 1,500 ili kuwatoa wafugaji na mifugo yao, kulitokea mapambano. Watu walijeruhiwa kwa risasi, askari polisi mmoja akauawa, na wengi wakakimbilia ng'ambo ya mpaka kutafuta matibabu na hifadhi. Kilichofuata kilikuwa nini? Yaliamrishwa msako wa wasio raia na ukaguzi wa asasi zilizoko wilayani. Mtu alipigwa risasi, kisha akaulizwa cheti cha kuzaliwa.

Yule askari aliyeuawa alikuwa naye mtoto wa watu, na jamaa zake walistahiki kuujua ukweli wa kifo chake. Lakini walipewa nini? Tarehe 9 Juni 2022 madiwani na viongozi wengine wa Loliondo walikamatwa. Tarehe 10 Juni askari yule aliuawa. Kisha viongozi wale waliokuwa wamekwisha kukamatwa walipandishwa mahkamani pamoja na wengine, zaidi ya watu ishirini, katika kesi ya mauaji ya askari huyo. Kosa hilo halina dhamana. Walikaa rumande miezi mitano, hata Novemba 2022 upande wa mashtaka ukasema hauna nia ya kuendelea, wakaachiwa. Aliyekuwa mikononi mwa polisi tarehe 9 ameuaje tarehe 10? Hakuna aliyelijibu swali hilo. Lakini ile miezi mitano ilitimiza kazi yake: watu wa vijiji walibaki bila ya wasemaji katika wakati ule ule mawe ya mpaka yalipokuwa yakisimikwa.

Tena wengi wa madiwani wale walikuwa wanachama wa chama kinachotawala. Agosti 2023, baada ya waandishi wa khabari kushambuliwa huko Ngorongoro, makumi ya watu walikamatwa, akiwamo Mbunge wa Ngorongoro, Emmanuel Shangai, naye ni wa chama hicho hicho. Kumpiga mwandishi ni kosa, wala sisi hatulitetei. Aliyempiga na ashitakiwe kwa jina lake na kwa kitendo chake. Lakini kuligeuza kosa la wachache kuwa sababu ya msako wa watu wengi, huko si kulinda waandishi. Nasi twalitaja jambo la chama kwa makusudi, ili mtu asije akadhani kwamba kadi ya chama ni ngao. Kadi ni ngao mpaka siku ile utakapouliza swali.

MCHEZO NI MMOJA

Mwendo huu haukuanzia Ngorongoro. Mwaka 2001 Jenerali Ulimwengu, mwandishi mashuhuri aliyepata kuwa mkuu wa wilaya na mbunge, aliambiwa kwamba yeye si raia. Alipokuwa akitawala wilaya alikuwa raia. Alipokuwa akiandika ya kuwaudhi wakubwa, uraia ukapotea.

Tarehe 29 Julai 2019 mwandishi Erick Kabendera alichukuliwa nyumbani kwake. Kwanza ilisemwa kwamba yachunguzwa khabari ya uraia wake. Siku chache baadaye khabari ya uraia ikawekwa kando, akashitakiwa kwa kutakatisha fedha, kukwepa kodi na kuongoza genge la uhalifu. Mama yake alifariki Desemba 2019 naye yumo rumande, hakupewa nafasi ya kwenda kumzika. Akaachiwa Februari 2020 baada ya mapatano na upande wa mashtaka na kutozwa fedha. Desemba ya 2019 alikamatwa Tito Magoti, wakili wa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Naye akatiwa katika kutakatisha fedha, kosa lisilo na dhamana, akakaa ndani mwaka mzima na zaidi. Agosti 2020 akaunti za benki za Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu zilifungwa, na kazi zake zikasimama. Mratibu wa mtandao huo, Onesmo Olengurumwa, ni mtoto wa Kimaasai wa wilaya hiyo hiyo ya Ngorongoro.

Tazameni mpango wake. Kwanza mtu huchafuliwa jina, ili jirani zake wamwogope. Pili hupewa shitaka lisilo na dhamana, ili adhabu itangulie hukumu. Tatu, baada ya miezi au miaka, shitaka hufutwa au humalizwa kwa mapatano, ili asipatikane hakimu wa kulipima. Ndiyo maana twasema kwamba kashfa ni sehemu ya adhabu yenyewe. Na kashfa haifutwi na mahkama. Shitaka likiondoshwa, mtu hutoka jela. Lile neno "kibaraka" hubaki kijijini likimngoja.

MGENI NI YUPI?

Wasemao kwamba wanamwogopa mgeni, twawakumbusha jambo moja. Mwaka 1992 kampuni ya uwindaji ya Otterlo, ijulikanayo kwa jina la OBC, yenye wenyewe Falme za Kiarabu, ilipewa kitalu Loliondo. Mwandishi Stan Katabalo wa gazeti la Mfanyakazi aliifichua khabari hiyo mwaka 1993. Sisi hatuwachukii watu wa Ghuba. Tuna damu na jamaa huko, na asiyejua hilo hakijui kisiwa hiki. Wala hatusemi kwamba mgeni asifanye biashara. Tusemalo ni kwamba mgeni mwenye bunduki na mkataba hakuulizwa babu yake kazikwa wapi. Aliyeulizwa ni mwenye ng'ombe.

Na fedha za nje? Serikali yenyewe hupokea misaada na mikopo ya mataifa, na hufanya sherehe ipokeapo. Ngorongoro iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1979, na viingilio vyake hulipwa na wageni. Basi fedha ya mgeni ikiingia ofisini huitwa maendeleo, na ikimlipia nauli wakili wa kijiji huitwa uhaini! Wakili Joseph Oleshangay, mzaliwa wa Ngorongoro, alipewa Tuzo ya Haki za Binadamu ya mji wa Weimar, Ujerumani, mwaka 2023. Ni mtoto wa wafugaji aliyesoma sheria, akarudi kuitumia kwa ajili ya watu wake. Nchi yenye akili ingelijivunia mtu kama huyo.

WENYE KUSEMA "LAKINI"

Watasema: Lakini watu wameongezeka. Mwaka 1959 walikuwa kiasi cha elfu nane, na sasa yasemwa wamefika laki moja. Ng'ombe ni wengi na nyasi hazitoshi. Watasema pia: Lakini asasi nyengine ni za wezi.

Sisi hatuyakatai mambo hayo kwa ujumla. Nyasi ni jambo la haki kuzungumzwa, na wanyama wa Ngorongoro ni neema ambayo wajukuu wetu nao wana haki ya kuiona. Asasi iliyokula fedha na ikaguliwe, na mwizi ashitakiwe kwa wizi, kwa hesabu na risiti. Lakini jawabu la hesabu ni hesabu. Ikiwa wana hoja ya nyasi, waitoe hoja ya nyasi mbele ya mkutano wa kijiji, na wenye ng'ombe wajibu. Mwenye hati mkononi huonyesha hati. Asiyekuwa nayo ndiye huuliza kabila.

Tena ni lazima tuseme nani alizifunga njia za kuuliza kwa taratibu. Mwaka 2019 sheria ya asasi ilirekebishwa ili kuzibana. Novemba 2019 Serikali ilitoa taarifa ya kuondoa ruhusa ya mwananchi na asasi kwenda moja kwa moja katika Mahkama ya Afrika ya Haki za Binadamu, na mlango huo ukafungwa Novemba 2020. Mahkama hiyo imo mjini Arusha, katika mkoa ule ule wa Olbalbal! Mfugaji aweza kuliona jengo lake, lakini kuingia na shauri lake hawezi. Juni 2020 Bunge lilibadilisha sheria ya kudai haki za msingi, kwamba mwenye kushitaki lazima aonyeshe kuwa yeye mwenyewe binafsi ndiye aliyedhurika. Ilhali Katiba ya Muungano, ibara ya 26, yampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria ili kuilinda Katiba. Basi mtetezi wa haki hakujipa kazi hiyo. Kapewa na Katiba. Amwitaye mchochezi aitukana Katiba kwanza.

SISI WA VISIWANI TWAUJUA WEMBE HUU

Mwaka 1954, chini ya Mwingereza, wakuu wa gazeti la Al-Falaq walitiwa hatiani kwa uchochezi. Mwaka 1962 Abdulrahman Mohamed Babu alitiwa jela kwa kosa la uchochezi, kwa sababu ya maandishi. Mkoloni aliondoka. Neno "uchochezi" likabaki katika meza yake, na aliyekalia kiti akalikuta bado lina makali.

Na baada ya hapo, ni mtu gani wa Unguja au Pemba asiyepata kusikia kwamba mwenye kudai kura yake ni Mwarabu, basi na arudi Oman? Kule huambiwa rudi Kenya. Huku huambiwa rudi Oman. Mchongezi ni yule yule, kabadilisha bandari tu. Ndiyo maana twasema kwamba shauri la Olbalbal ni shauri letu. Siku tutakayoona ni sawa Mmaasai kuulizwa uraia kwa sababu ya kudai malisho, siku hiyo tumempa mtawala ruhusa ya kutuuliza sisi kwa sababu ya kudai kura.

TWATAKA NINI

Tarehe 9 Desemba 1998 Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio la kuwalinda watetezi wa haki za binadamu. Côte d'Ivoire iliweka sheria yake ya kuwalinda mwaka 2014, na jirani zetu wa Kongo waliweka yao mwaka 2023, pamoja na vita na taabu zao zote. Sheria peke yake haimzuii mdhalimu, hilo twalijua. Lakini humpa mnyonge kitu cha kushika mkononi afikapo mbele ya hakimu. Kwa hivyo twadai mambo haya:

Kwanza, iwekwe sheria ya kuwalinda watetezi wa haki, bara na visiwani, nayo itungwe pamoja na watetezi wenyewe.

Pili, ofisa, waziri au mbunge atakayemwita raia kwamba si raia, au kibaraka wa wageni, atakiwe kuthibitisha. Na asipothibitisha, akanushe mahali pale pale aliposema na kwa sauti ile ile.

Tatu, makosa yasiyo na dhamana yasitumike kuwafungia watu kabla ya ushahidi kuwapo.

Nne, irudishwe ruhusa ya mwananchi kwenda katika Mahkama ya Afrika, na haki ya kila mtu kuitetea Katiba mahkamani.

Tano, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora iichunguze waziwazi kesi ya viongozi wa Loliondo ya mwaka 2022, ili ijulikane nani aliamrisha waliokuwa wamekamatwa washitakiwe kwa mauaji, na ili jamaa za yule askari nao wapewe ukweli.

Sita, ripoti zote za tume mbili za Ngorongoro ziwekwe mbele ya wananchi, kwa Kiswahili, na zisomwe Olbalbal kabla ya kufanyiwa kazi.

Wananchi, katika madai haya hatumtakii mtu yeyote cheo wala hatumwombei mtu fedha. Twataka tu kwamba mtu akiuliza swali, alale nyumbani kwake usiku ule. Watu wa Olbalbal waliuliza swali mwaka 2024, wakakaa nalo barabarani bila ya silaha, na mahkama ikaona kwamba lilistahiki kusikilizwa. Swali lenyewe ni fupi: Mlituahidi mwaka 1959, ahadi hiyo mmeivunja kwa idhini ya nani?

Mpeni jirani yako asome karatasi hii. Asiyejua kusoma, msomeeni. Na siku mtakaposikia mtu aitwa mgeni katika nchi yake, msiulize katoka wapi. Ulizeni alikuwa akidai nini.